Homa ya nini tena?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu virusi vinavyoshambulia ubongo, vinavyochunguzwa kwa panya na kwa picha za MRI (za ndani ya mwili, zinazopigwa kwa sumaku). Niandike "modeli za wanyama" au "mifano ya wanyama"? Na ugonjwa niuite homa ya uti wa mgongo? – Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: "Modeli za wanyama" ni mbuzi anayepita jukwaani na gauni. "Mifano ya wanyama" ni vinyago vya kuuzia watalii. Andika "wanyama wa majaribio", na kama ni panya, sema panya. Hilo limekwisha.

Sasa hiyo homa. Neno tumelipata kwa Waarabu, na maana yake ni joto la mwili kupanda, basi. Lakini ini likivimba, tunasema homa ya ini. Utando unaofunika ubongo ukishambuliwa, tunashuka hadi mgongoni kutafuta jina. Na wewe unataka ubongo wenyewe uingizwe humo humo!

Mwaka 1937, katika wilaya ya West Nile, Uganda, watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe (homa hiyo naiacha, ni homa kweli) walichukua damu ya mama mmoja, wakaidunga kwenye bongo za panya. Mama alikuwa na homa. Panya wakavimba ubongo. Soma tena: mama homa, panya ubongo. Virusi ni vile vile, ugonjwa si ule ule. Hata leo wengi wanaoambukizwa virusi hivyo, vilivyopewa jina la West Nile, hawaumwi kabisa; kama mmoja kati ya watano hupata homa, na wanaoshambuliwa ubongo au utando wake hawafiki mmoja katika mia. Ukiziita zote homa, panya wale wamekufa bure.

Wala MRI haipimi homa; kazi hiyo ni ya kipimajoto, kwapani. Virusi vya herpes vikiingia ubongoni, picha mara nyingi huonyesha madhara upande wa panja. Uti wa mgongo uko zake chini huko, hana habari.

Andika "ugonjwa wa kuvimba ubongo unaosababishwa na virusi". "Uvimbe wa ubongo" usithubutu, msomaji atadhani mgonjwa anasubiri kupasuliwa. "Homa ya uti wa mgongo" kwa ugonjwa wa utando nimeshindwa kuing'oa, ibaki na ugonjwa wake. Mhariri wako ataililia "homa ya ubongo" kwa sababu ni fupi. Mpe kichwa cha habari; ndani ya makala asipate hata mstari.