Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Lisbon, na Postikadi za Kurudi Nazo Mombasa

SWALI

Mhariri, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya postikadi, nyingi zikiwa za mji wetu na za Zanzibar. Mwezi ujao nitakuwa Cascais, nchini Ureno, kwa harusi ya mpwa wangu, na nimebahatika kupata Jumamosi moja ya kuizuru Lisbon kuanzia asubuhi hadi jioni. Ningependa kurudi na postikadi zitakazonifaa mimi na wanafunzi wangu, si rundo la picha zinazofanana. Nitafute wapi, nichague vipi, na nikifika nyumbani nizihifadhije? Baadhi ya nilizo nazo zimeanza kuota ukungu.

Mwalimu, Makadara, Mombasa

JIBU

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Siku uliyopata ni njema, kwa sababu soko la vitu vikuukuu liitwalo Feira da Ladra hufanyika Jumanne na Jumamosi, katika uwanja wa Campo de Santa Clara, nyuma ya kanisa la São Vicente de Fora. Treni ya kutoka Cascais huchukua kama dakika 40 hadi kituo cha Cais do Sodré. Damka, uanze na soko, kisha wakati wa kurudi ushuke Belém, mtaa wa Lisbon wenye historia inayotuhusu, kwani iko kwenye reli hiyohiyo.

Ukiwa sokoni, geuza kila kadi kabla hujauliza bei. Picha ndiyo inayomvuta mnunuzi, lakini umri wa kadi na habari zake mara nyingi viko nyuma. Postikadi ya kwanza iliyotolewa na serikali ni ile ya Austria-Hungary ya tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha. Hata picha zilipoingia, upande wa nyuma uliendelea kutengewa anwani peke yake, na ndiyo maana katika kadi za mwanzo utaona salamu zimebanwa pembezoni mwa picha, kwa mwandiko mdogo unaopanda na kushuka kutafuta nafasi. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe, ujumbe kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Ujerumani ikafuata mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kadi ya Ulaya isiyo na mgawanyo huo, kwa hiyo, kwa kawaida ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 au kabla yake. Tazama na stempu: ikiwa na sura ya Mfalme Carlos wa Ureno, ni ya enzi yake, iliyoanza mwaka 1889 na kukatizwa Februari 1908 alipouawa kwa risasi katika uwanja wa Terreiro do Paço, mahali utakapopaona kwenye kadi nyingi za mji huo.

Picha nayo ina ushahidi wake. Chukua kadi inayoonyesha mto Tagus na ng'ambo yake: sanamu kubwa ya Cristo Rei ilizinduliwa mwaka 1959, na daraja jekundu lililo karibu nayo likafunguliwa mwaka 1966. Sanamu ikiwepo na daraja lisiwepo, ilhali picha imepigwa kutoka mahali ambapo daraja lingeonekana, umeshajua ilipigwa ndani ya miaka saba hiyo. Na maandishi yakisema Ponte Salazar, jina la kwanza la daraja hilo, kadi ilichapishwa kabla ya mapinduzi ya Aprili 1974, ambayo ndiyo yaliyolipa daraja jina la 25 de Abril. Wanafunzi wako wanaweza kufanya uchunguzi huohuo kwa kadi za hapa kwetu, kwa kuwa yenye daraja la kuelea la Nyali haiwezi kutangulia mwaka 1931, na picha yake kwa vyovyote ilipigwa kabla daraja la sasa halijachukua nafasi yake mwaka 1980.

Waulize wauzaji pia kama wana kadi za Afrika, hasa za Msumbiji. Zilizoandikwa Lourenço Marques ni za kabla ya mwaka 1976, mji huo ulipoitwa Maputo. Nakusihi, hata hivyo, uwe mwangalifu na kadi za kikoloni zinazoonyesha watu wetu, hasa wanawake, wamesimamishwa mbele ya kamera na kuandikwa kabila badala ya jina. Ukiinunua kadi ya namna hiyo, iwe ni kwa ajili ya kuwaeleza vijana ilipigwa na nani na kwa soko gani. Kuitundika ukutani kama pambo ni kuendeleza dharau ileile.

Kadi mpya hazihitaji maelezo marefu. Chache zatosha, nazo zichague Belém, kwa sababu huko ndiko historia ya Ureno inakokutana na yetu: ndani ya kanisa la utawa wa Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, aliyefika Mombasa Aprili 1498, miaka 95 kabla ya ujenzi wa Fort Jesus kuanza. Moja kati ya hizo uiandike na kuiposti hukohuko, ili ije na stempu na muhuri wa posta. Masanduku mekundu ni ya barua za kawaida. Katika anwani yako ya Mombasa, usiandike mtaa na nyumba peke yake. Weka nambari ya sanduku la posta na msimbo wake, ambao kwa posta kuu ya Mombasa ni 80100.

Kuhusu ukungu, adui yako ni unyevu wa pwani, nao huzidi wakati wa masika. Epuka albamu zenye kurasa za gundi, na plastiki laini yenye harufu kali, kwani huziharibu kadi taratibu. Tumia mifuko ya polipropilini au poliesta, uiweke kabatini mbali na ukuta wa nje, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Zilizokwisha kuota ukungu zitenge leo hii, zikauke kivulini penye upepo, kisha uzipanguse nje ya nyumba kwa brashi laini, ukiwa umefunika pua na mdomo. Usitumie kitambaa kibichi wala usizianike juani, maana maji yataueneza ukungu na jua litapausha wino.