Jina la Rosa na litania ya Bikira Maria

Ndugu, umeuliza kama jina Rosa Mistika, la msichana mhusika mkuu, lina maana yoyote ya kidini katika riwaya ya 1971 yenye jina hilo, ya mwandishi Mtanzania Euphrase Kezilahabi. Linayo, na tena chungu. Ni sifa ya Bikira Maria katika litania, sala ya Kikatoliki ya kuitikizana, pale waumini wanaposali "Waridi lenye fumbo, utuombee", na hata mama yake Rosa anaitwa Regina, yaani Malkia, sifa nyingine ya Maria. Lakini Regina huyu hupigwa na mume mlevi, na Rosa, aliyechapwa na baba kwa sababu ya barua ya mvulana, anajiua baada ya mchumba kumkataa kwa kuwa si bikira. Kwa maoni yangu, mwandishi hamkejeli Maria. Anawashtaki wanaume wanaodai ubikira wasioulinda.