Re: Basiliki majani yanageuka nyeusi

Jambo dada, unasema basiliki yako (ule mmea wa majani ya harufu ya kutia kwenye chakula) hapa Bukavu inageuka nyeusi majani na haikomae. Angalia kwanza inalala wapi, ju ile kitu haipendi baridi kabisa, chini ya digrii 10 majani yanaharibika. Yangu ilikuwa kwenye barza upande wa ziwa, upepo wa usiku unaipiga, nikaihamisha ndani dirishani penye jua la asubuhi, na maji naipa asubuhi tu, kwenye udongo, si juu ya majani.

Ikifika sentimita 15 hivi usichume majani makubwa ya chini, kata kichwa, juu kidogo ya majani mawili yanayotazamana, utaona pale kwapani, yaani pale jani linaposhikana na shina, vichipukizi viwili vidogo sana, ndivyo vitakuwa matawi. Maua toa mara moja. Usikate tamaa dada, ile harufu kwenye tomate ni tamu kweli!