Ruzuku ya serikali Marekani: tengenezeni asasi kwanza, andiko baadaye

Ndugu uliyeuliza kuhusu chama chenu cha Wakongo na Warundi huko Ohio, umesema mmeshasajiliwa na jimbo na sasa mnatafuta mtu wa kuwaandikia andiko la kuomba ruzuku ya serikali. Huyo mtafuteni mwisho. Nimekaa miaka mingi kwenye bodi ya asasi ya wakimbizi, na maombi mengi niliyoyaona yakianguka hayakuangushwa na Kiingereza kibovu. Yaliangushwa na makaratasi na hesabu.

Usajili wa jimbo ni mwanzo tu. Mnahitaji EIN, yaani namba ya utambulisho wa kodi, na barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, ya 501(c)(3), yaani hadhi ya asasi ya hisani isiyotozwa kodi ya mapato. Fomu fupi ya kuomba barua hiyo, 1023-EZ, ada yake ni dola 275, na ni kwa asasi zisizotarajia kuingiza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Ile ndefu ni dola 600. Baada ya hapo kila mwaka kuna ripoti kwa IRS. Asasi ndogo hujaza 990-N mtandaoni, bure, kwa dakika chache. Mkiacha miaka 3 mfululizo, hadhi yenu inafutwa yenyewe. Vyama vyetu vingi huumia hapo: katibu amehamia jimbo jingine, nywila kaondoka nazo, na hakuna aliyeuliza.

Kisha jisajilini SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili waombaji wa ruzuku, mpate UEI, namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12 iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, mwaka 2022. Anzeni leo, hata kama hakuna tangazo mnalolisubiri, kwa sababu dirisha la maombi huwa la wiki chache na uhakiki wa jina unaweza kula muda wote huo. Jina na anwani vifanane kila mahali. Kama hati ya jimbo ina “Inc.” mwishoni na karatasi nyingine haina, mtarudishwa. Sanduku la posta halikubaliki kama anwani ya mahali mlipo. Usajili ni bure na huhuishwa kila mwaka. Wanaowatumia barua pepe wakidai ada ya kuwahuishia ni wafanyabiashara, si serikali.

Sasa hesabu, na hapa naomba tusikilizane. Kwetu mchango wa msiba, wa mgonjwa na wa harusi hupita kwa mweka hazina yuleyule, mara nyingi kwenye simu yake binafsi. Utaratibu huo umetubeba ugenini na sitaki ufe. Lakini fedha ya serikali isiguse mfuko huo hata kwa siku moja. Fungueni akaunti ya asasi yenye watia sahihi wawili, na mfuko wa misiba ubaki pembeni na daftari lake.

Muda wa watu nao ni fedha. Chukua mkalimani wenu: asubuhi kampeleka mama mjamzito kliniki, mchana anafundisha Kiingereza kwenye mradi mwingine. Karatasi yake ya masaa ya kazi ionyeshe masaa 3 huku na masaa 2 kule, sahihi yake na ya msimamizi, na ijazwe wiki hiyohiyo. Ile inayojazwa Desemba kwa kukumbuka, mkaguzi huitambua upesi. Kumbukumbu za ruzuku ya serikali kuu hutunzwa miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho ya fedha, kwa hiyo risiti zipigeni picha kabla wino haujafutika.

Bodi ni jambo gumu zaidi. Mume mwenyekiti, mke mweka hazina, shemeji katibu: mtoa ruzuku akiona hivyo anasita, na ana haki. Najua ilivyo vigumu kumwambia mzee aliyeanzisha chama kwa fedha yake kwamba apishe. Msimwambie kikaoni. Waende watu wawili anaowaheshimu, nyumbani kwake, wamwombe awe mlezi wa chama. Halafu pitisheni sera ya mgongano wa maslahi, na iandikwe kwenye muhtasari.

Kwa ruzuku ya kwanza, mimi nisingekimbilia Washington. Ulizeni mji au kaunti yenu kuhusu CDBG, fedha za wizara ya nyumba, HUD, ambazo hushushwa kwenye miji tangu miaka ya 1970. Kwa kawaida sehemu isiyozidi asilimia 15 huweza kwenda kwenye huduma za jamii, kama mafunzo na usafiri wa wazee. Ila jiandaeni: ruzuku nyingi za mji hulipwa kwa marejesho. Mnatumia kwanza, mnapeleka risiti, mnasubiri. Asasi isiyo na akiba ya mishahara ya miezi miwili mitatu inaweza kushinda ruzuku ikashindwa kumlipa mkalimani. Kama akiba hiyo hamna, ingieni chini ya asasi kubwa kama wabia, kwa mkataba wa maandishi unaotaja watawalipa lini.

Ukitaka, weka hapa mgawanyo wa bodi yenu bila majina, nikuambie wapi patazua maswali.