Shangazi, tenki letu limeangukia nyumba ya jirani, sasa anataka milioni tatu

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kivule hapa Dar, nyumba ni yetu. Mwezi uliopita usiku mvua ilipiga na upepo mkali, tenki letu la lita 1000 likaanguka na stendi yake juu ya nyumba ya jirani. Limetoboa bati na siling bodi ya chumba cha watoto, maji yameingia sebuleni TV imekufa. Bahati nzuri mtoto wao alikua ametoka kwenda chooni. Mume wangu aliwaambia huo ni upepo, ni kazi ya Mungu, akawapa laki tatu ya msaada wakakataa. Wao wanataka milioni 3 na laki 2, yani bati nyumba nzima, TV mpya na hela ya usumbufu, la sivyo wanaenda polisi. Ukweli fundi alituambia mwaka jana miguu ya stendi imeliwa na mchwa ila hela ilikua bado. Mama wa pale ni rafiki yangu tuko kikoba kimoja, saivi hata salamu haitikii. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, nyie na wao.

Barua yako imejaa bati, TV na hela, ila mtoto umempa sentensi moja tu ukapita. Mimi hapo ndo nimesimama. Tenki la lita 1000 likijaa ni kilo 1000, tani nzima, tuseme usiku ule lilikua nusu, bado ni kilo mia tano zimeshuka kwenye chumba anacholala mtoto, na kilichomuokoa ni mkojo tu. Sasa yule mama toka siku ile akilala unadhani anawaza bati? Anawaza angekuta nini pale kitandani. Alafu anakuja baba wa nyumba iliyomletea hayo anamwambia ni upepo mama, shika laki tatu ya msaada. Msaada! Kama vile wao ndo wamekuja kuomba.

Na nimetafuta kwenye barua yako mahali mlipoenda kumuona mtoto, kuuliza kama ameshtuka, kuuliza analala wapi saivi chumba kikiwa wazi juu na mvua hizi, sijaona. Inawezekana mlienda ukasahau kuandika, lakini kama hamkwenda basi usishangae hiyo milioni tatu imetoka wapi, mana mtu akiona machungu yake hakuna aliyeyasikia anayatia kwenye hesabu, ndo hiyo unayoona inaitwa "usumbufu".

Kwahiyo cha kwanza ni kwenda. Leo, kesho, ukisharudi kwenye mihangaiko yako, jioni watu wakiwa wametulia. Nenda na mumeo, akigoma nenda na mama yako au shangazi yako au mtu mzima yeyote anayeheshimika hapo mtaani, usimsubiri mumeo apoe ndo uende. Siku hiyo usibebe hela wala usitaje hela. Sema tumekuja kuwapa pole na kuomba radhi, tulishaambiwa stendi mbovu tukachelewa, mtoto angeumia tungewaangalia vipi. Basi. Watakusema, tena pengine kwa sauti kubwa majirani wasikie, wewe sikiliza usijibu neno kwa neno. Najua utaogopa kwamba ukikiri tu wanapandisha dau. Ila fundi alishawaambia, na mafundi wanaongea, hiyo siri haipo mwanangu, bora itoke kwenye mdomo wako.

Hili la kazi ya Mungu mwambie mumeo aliache kabisa. Upepo ni wa Mungu, sawa, lakini mchwa mliambiwa na miguu mkaiacha. Huo kisheria unaitwa uzembe, na uzembe unadaiwa fidia hata kama hukukusudia. Kwenye madai ya namna hii sheria ya ukomo inampa jirani yako miaka 3 ya kufungua kesi, kwahiyo kukaa kimya mkidhani atachoka sio dawa. Upande wa polisi usikose usingizi, kosa la kuharibu mali kwenye Kanuni ya Adhabu ni la mtu aliyefanya makusudi, na tenki lililoanguka usiku kwa upepo sio makusudi, hilo ni dai la kawaida la fidia. Lakini nakuomba, tena nakuomba sana, usiende kumwambia "nenda polisi tuone". Unajua tu moyoni, inatosha.

Sasa hela, mana najua hapa ndo unaposubiri.

Milioni 3 na laki 2 sio deni lenu, na laki tatu pia sio. Fidia ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya tenki, sio kumjengea upya. Kilichovunjwa na tenki kinalipwa chote, ambacho tenki halikugusa hakilipwi. Ila usikimbilie kuhesabu bati zilizotoboka ukasema ni nne tu shangazi kasema. Tafuteni mafundi wawili, mmoja wenu mmoja wao, wapande siku moja mbele ya pande zote, na waangalie kenchi kwanza, zile mbao zinazoshika paa. Kama mbao za kenchi zimevunjika au zimehama, itabidi bati za pembeni nazo zing'olewe ili mbao zibadilishwe, na bati la zamani ukishaling'oa ile misumari matundu yake hayarudi sawasawa, linaanza kuvuja. Hapo bati nne zinaweza kuwa kumi kihalali kabisa na hajakuibia mtu. Kwenye hizo zilizoharibika toa bati jipya, usianze kubishana kwamba lake lilikua la zamani lina kutu, hakuna duka linalouza bati la zamani, na yeye hakuomba kubadilishiwa. Siling bodi, mbao, misumari na hela ya fundi, zote juu yenu. Kama kuna godoro limeloa likaharibika, uliza, usisubiri udaiwe.

TV ni tofauti kidogo. Ipelekeni kwa fundi kwanza, ikipona lipeni matengenezo, isipopona mpeni thamani ya TV kama ile iliyotumika miaka hiyo hiyo, sio mpya ya dukani. Hapo kwenye TV na kwenye nyumba nzima ndo una haki ya kukataa, kwa upole lakini bila kupepesa macho. Hela ya usumbufu mimi nisingeipigia kelele, kama chumba hakilaliki wape kitu kidogo mkubaliane yaishe.

Kama hela haipo kwa mkupuo sema haipo. Lipeni bati kwanza mana mvua haisubiri, TV ifuate mwezi unaokuja. Kikoba unaweza kukopa kwenye hisa zako kama mkopo mwingine wowote, ila usiguse mfuko wa jamii, ule ni wa misiba na magonjwa, na usilipeleke jambo hili kwenye kikao wanachama walipigie kura, utamwaibisha mwenzio na wewe utaaibika.

Mkikubaliana andikeni. Karatasi moja, nini kimeharibika, kiasi gani, lini na lini, na kwamba hela ikishalipwa yote madai ya tenki yameisha. Msaini wote wawili na waume zenu, mashahidi wawili, alafu pelekeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa wagonge muhuri. Ukilipa kwa simu usifute meseji. Najua ni rafiki yako, ndo mana nakwambia andika, marafiki ndo huwa hawaandiki alafu wanakuja kukumbuka tofauti.

Wakikataa mafundi, wakang'ang'ania nyumba nzima, msirudi kugombana ukutani. Nendeni wenyewe kwa mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana Baraza la Kata, lile toka sheria yake ya 1985 kazi yake ni kupatanisha, wajumbe wanne mpaka wanane wanawasikiliza wote. Na mkifika mbali zaidi ya hapo tafuta msaidizi wa kisheria kwenye wilaya yenu, toka Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, huduma yao ni bure.

Mumeo usimshambulie. Nadhani na yeye ameogopa, mwanaume akikosa hela wakati mwingine anajifichia kwa Mungu. Mwambie tu habari ya kitanda kile, mwache akae nayo.

Na kabla hamjanunua tenki lingine, au kulipandisha hilo kama limepona, stendi ya mbao basi. Nguzo za zege au chuma kilichochimbiwa vizuri, na isimame mbali na ukuta wa jirani kuliko urefu wake pamoja na tenki juu, ili hata ikianguka iangukie kwenu. Kama uwanja hautoshi, tenki likae chini mchote na ndoo mpaka hela ya stendi ipatikane.