Miguu ni ileile

Mmeuliza wiki hii: anayekimbia na kunyanyua vyuma ajipangeje asiishie kuchoka tu? Mimi nasema aanze na miguu, kwa sababu mbio na vyuma vyote vinaidai.

Nilikuwa nakimbia kila asubuhi, tena kwa kasi, na jioni naingia jimu. Mwezi wa tatu wa kufanya hivyo, uzito wa kuchuchumaa, yaani vyuma ninavyobeba mabegani nikichuchumaa na kuinuka, ukagoma kupanda, kisha ukashuka. Nikadhani nimelegea, nikaongeza mazoezi. Hilo ndilo lililoniumiza. Mapigo ya moyo, niliyoyapima kabla ya kutoka kitandani, yalipanda kutoka 58 hadi 66 kwa dakika, na usingizi ukawa wa kukatikakatika.

Baadaye nikasoma utafiti wa Mmarekani Robert Hickson wa mwaka 1980. Kwa wiki 10 kundi moja lilinyanyua vyuma, la pili likafanya mazoezi ya kujenga pumzi, yaani mbio na baiskeli, la tatu yote mawili. Hilo la tatu lilipata nguvu vizuri hadi kama wiki ya 7, kisha nguvu zikasimama na mwishoni zikarudi nyuma. Pumzi yao haikudhurika. Wapo wanaosikia habari hii wakaacha kukimbia kabisa, na nadhani wanakosea: watu wale walinyanyua siku 5 na kufanya mazoezi makali ya pumzi siku 6 kila wiki! Nani asingechoka?

Sasa vyuma ni siku tatu. Miguu ni Jumatatu, mbio za kasi ni mara moja tu, Alhamisi. Mbio nyingine ni za polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Nikishindwa, napunguza mwendo hata nikipitwa na kila mtu. Miguu ikiwa mizito napanda baiskeli, maana haiigongi misuli kama mbio. Vyuma na mbio vikiangukia siku moja, vyuma hutangulia, mbio husubiri saa kadhaa na chakula cha wanga katikati.

Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili baada ya zoezi jipya hayanitishi. Ninachokiogopa ni mapigo ya asubuhi yakibaki juu siku mbili mfululizo. Hapo natembea tu.

Kila wiki ya nne napunguza seti, yaani mizunguko ya kunyanyua, kwa nusu. Mara ya kwanza niliona uchungu, kama napoteza nilichokijenga. Wiki iliyofuata nikachuchumaa mara tano na uzito ulionigomea mwezi mzima.