Kutafsiri Kijerumani cha wakulima wa matunda

Fungua kamusi ya kawaida utafute neno la Kijerumani Krebs, utaambiwa ni saratani, au kaa. Kwenye shamba la matofaa si hiki wala kile. Obstbaumkrebs ni kidonda cha gome kinacholetwa na kuvu, na mkulima anayezungumza Kiingereza hukiita canker. Nimetafsiri maandishi ya namna hii kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza, kuanzia katalogi za vitalu hadi ratiba za kupiga dawa, na ushauri wangu ni huu: tafuta kwanza kitu chenyewe, jina lake utalipata baadaye.

Kwa magonjwa, Kilatini kinakubeba. Kuvu wa kidonda hicho ni Neonectria ditissima kokote uendako. Schorf ni Venturia inaequalis, basi andika scab. Feuerbrand ni Erwinia amylovora, basi fire blight. Tatizo ni kwamba si kila kasoro ina kimelea. Stippe, yale madoa ya kahawia chini ya ganda la tofaa, yanatokana na upungufu wa kalisi ndani ya tunda, na mengi hujitokeza matofaa yakiwa tayari ghalani. Hapo hakuna Kilatini cha kushika. Unafuata chanzo na dalili mpaka ufike kwenye bitter pit.

Hatua za ukuaji zinataka umakini zaidi, kwa kuwa ratiba ya dawa inazifuata. Wajerumani husema Rote Knospe, tumba jekundu. Tumba hilohilo, kwa Kiingereza, ni la waridi: pink bud. Ukiandika "red bud" msomaji atakwama. Kinachookoa ni mizani ya BBCH, ambayo huipa kila hatua namba: 54 ni majani ya kwanza yanapochomoza kama masikio ya panya (hapa, kwa bahati nzuri, lugha zote mbili zimemwona panya), 57 ni hilo tumba la waridi, na 65 ni maua yaliyochanua kikamilifu. Mimi huweka namba kando ya jina hata kama mwandishi hakuiweka, kisha namwomba mteja aithibitishe. Mteja mmoja alilalamika kwamba namwongezea maandishi. Bado naziweka.

Kuiva nako kuna mtego. Kijerumani hutenganisha Pflückreife, yaani tunda kufaa kuchumwa, na Genussreife, yaani kufaa kuliwa. Kwa matofaa ya majira ya baridi kati ya hayo mawili zinaweza kupita wiki nyingi za kukaa ghalani. Katalogi ikisema pflückreif Oktoba na genussreif kuanzia Desemba, neno ripe peke yake litamfanya mnunuzi ang'ate tunda gumu na chachu, kisha ailaumu aina ya mti.

Halafu Hochstamm, yaani mti wa matunda wenye shina refu. Mjerumani hapa anapima urefu wa shina kutoka ardhini hadi matawi ya kwanza, kwa kawaida sentimeta 180 au zaidi. Kwa Mwingereza standard inakaribiana na hilo. Mmarekani, akisikia standard, anafikiria ukubwa wa mti mzima, ambao huamuliwa hasa na shina la chini lenye mizizi (rootstock), lile ambalo aina ya tunda hubebeshwa juu yake. Uliza msomaji yuko upande gani wa bahari, na sentimeta zibakize kwa vyovyote.

Streuobstwiese mimi siitafsiri mara ya kwanza inapotokea. Naliacha Kijerumani na kueleza: malisho au uwanda wa nyasi wenye miti mirefu ya matunda iliyotawanyika, ya aina na umri tofauti. Baada ya hapo natumia traditional orchard. Kilimo hicho kiliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa hiyo mwandishi wa Kijerumani huwa analitaja kwa fahari, na orchard tupu ingemnyang'anya fahari hiyo.